Bila Kuhukumu

Alinitumia ukurasa mmoja tu. Tasnifu ilikuwa imeshatetewa, masahihisho ya watahini yameshafanyika, kilichobaki ni kujalidi. Na katika kurasa mia tatu na ushee, huo ndio ambao hakutaka macho mengine yauone kabla yangu: ukurasa wa shukrani.

"Dada, nipitishie jicho. Makosa ya herufi tu. Una mwezi mzima."

Alisahau kusafisha faili kabla ya kulituma, kwa hiyo kila alichokifuta kilikuwa bado kinaonekana, kimepigwa mstari mwekundu. Msimamizi alikuwepo. Wazazi, watunza nyaraka, kaka aliyemwazima kompyuta wakati ya kwake ilipokufa. Halafu jina la mwanaume mmoja, limekatwa lote, la kwanza na la ukoo, na mahali pake pameandikwa: "na wote waliokagua majedwali yangu."

Mstari uliofuata ulikuwa wangu. "Na kwa dada yangu," kisha jina, "aliyenisikiliza miaka yote bila kuhukumu."

Ilitakiwa nifurahi.

Nilifunga kompyuta nikaenda kulala, usingizi ukagoma. Hii ni wiki ya nne, na maneno yale mawili ya mwisho bado yamenikaa kooni.

## Meza sita

Wote mliowahi kusoma shahada za juu mnakijua chumba hicho, hata kama chenu kilikuwa na dirisha. Meza sita, soketi tatu, ratiba ya printa ambayo hakuna aliyeifuata. Tulikuwa watano kutoka idara mbalimbali. Meza ya sita ilikuwa ya vitabu visivyo na mwenyewe. Majina sitayataja. Nitawaita kwa walichokuwa wakisoma, maana ndivyo tulivyoitana kwa utani: Mwanahistoria, ambaye ndiye mwenye tasnifu, Mtakwimu, ambaye ndiye mwenye jina lililokatwa, Mwanaisimu, na Mwanabiolojia, dada mpole aliyekaa karibu na mlango. Mimi nilikuwa nasoma elimu ya watu wazima na niliwazidi wote umri kwa miaka kadhaa. Nadhani udada wangu ulianzia hapo.

Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao juu ya makazi ya wanafunzi wenye ndoa waliokuwa wakisoma chuo kikuu cha MIT, Marekani. Swali lao lilikuwa jepesi: marafiki zako hapa ni akina nani? Kwenye korido moja, waliopakana mlango kwa mlango walitajana kwa kiasi cha asilimia 41. Waliokaa ncha mbili za korido hiyohiyo, asilimia 10. Umbali wenyewe ni wa hatua chache.

Mwanaisimu aliketi mgongo kwa mgongo na Mwanahistoria kwa sababu waya wa chaja yake ulikuwa mfupi. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko linavyostahili.

Ila ukaribu wa meza hata ofisini upo, na ofisini mtu ana saa ya kutoka. Sisi hatukuwa nayo. Mtu wa nje akikuuliza "sura ya pili imefikia wapi?" anauliza kwa wema tu, hajui kwamba unaweza kuandika miezi minne na ukajikuta umerudi nyuma. Wa meza ya pili anajua, kwa kuwa naye amerudi nyuma. Ukimsomea mtu aya yako mbovu saa saba usiku, naye asicheke, akavuta kiti akasema "rudia pale mwanzo", kuna mahali umeshamruhusu kuingia ambapo hata mwenzi wako hajawahi kubisha hodi.

(Habari za mwanafunzi na msimamizi wake ni nyingine kabisa. Pale mmoja ameshika kalamu inayoweza kumfelisha mwenzake, na mimi neno mapenzi silitumii haraka.)

## Nani na nani

Hapa nitakimbia, maana hadithi yenyewe mnaijua hata kama watu wake hamwajui.

Mwaka wa kwanza Mwanaisimu na Mwanabiolojia walikuwa pamoja, miezi minane. Wakaachana kimyakimya, na hakuna aliyehama meza. Mwanahistoria na Mtakwimu walikuwa wapenzi tangu shahada ya pili. Tuliwachukulia kama watu waliokwisha kuoana ila hawajapata tu siku ya kwenda kuandikisha. Mwaka wa pili Mtakwimu akaondoka kwenda kukusanya data, miezi mitano. Siku ya safari alisimama mlangoni na begi lake akaniambia, nusu utani, "Dada, nakuachia mwenzangu."

Mwezi wa tatu, Mwanahistoria alinifuata maktabani. Alikaa sakafuni katikati ya makabati mawili ya vitabu, magoti kifuani, akaniambia. Alilia sana. Akanitaka niape, nikaapa. Siku mbili baadaye Mwanaisimu akanisindikiza kutoka kwenye semina, akanieleza lilelile kwa maneno yake, akaniomba lilelile. Wiki hiyohiyo Mwanabiolojia, bila kuinua macho kwenye daftari lake la maabara, akaniuliza kama Mwanaisimu ana mtu.

Nikamjibu, "Usimfikirie tena huyo."

Sikutaja jina, sikutaja jambo. Na yote nilikuwa nimeshayasema.

Nilijiona mwema miezi ile. Watu watatu waliniletea yaliyowakaa moyoni, nami nikayapanga kila moja kwenye droo yake, na niliona fahari kwamba hayagusani.

## Ujumbe wa usiku

Mtakwimu aliniandikia kutoka huko alikokuwa. "Dada, kuna kitu hapo? Niambie tu."

Nikaandika: "Mpigie mwenyewe umuulize." Nikafuta. Nikaandika: "Ukirudi tutaongea." Nikaona hiyo ni sawa na kumwambia, nikafuta. Nikaandika: "Sijui bwana, niko bize na sura ya tatu." Nikatuma.

Sura ya tatu ilikuwa kwa msimamizi wangu tangu wiki iliyotangulia.

Nimejitetea kwa namna zote. Nilikuwa nimeapa. Halikuwa langu kusema. Wa kumwambia alikuwa mwenye penzi lenyewe. Nilipomgusia jambo hili rafiki wa nje ya mzunguko wetu, alicheka: "Ungesema ungeitwa mmbea." Ni kweli. Lugha yetu imemwandalia majina tele anayesema: mmbea, mdaku, mchongezi, mfitini. Anayenyamaza anapewa sifa tu, ana kifua, ana siri. Sijapata jina la yule anayenyamaza huku akiifaidi siri.

Na kuna hili dogo, ambalo ndilo limenikosesha usingizi. "Sijui" ilikuwa uongo. "Siwezi kusema" ingekuwa kweli, na isingevunja kiapo cha mtu. Maneno mawili. Yalikuwepo, na mimi ni mtu wa maneno. Kwa nini hayakuja?

Mtakwimu mwenyewe aligundua, tena kwa fani yake. Alirudi wiki tatu kabla ya muda. Kulikuwa na makala waliyokuwa wakiiandika watatu, yeye, Mwanahistoria na Mwanaisimu, akaifungua ili aingize jedwali lake. Pembeni mwa maandishi kulikuwa na maoni ya wenzake, na programu huweka saa kwenye kila moja. Saa nane na dakika kumi usiku: "Sentensi hii ndefu mno." Saa nane na dakika kumi na mbili: "Nimeikata." Saa nane na robo: "Umechoka. Kalale."

Hakuna neno la mapenzi hata moja. Alihesabu siku kumi na moja mfululizo za namna hiyo, akainuka, akaja mezani kwangu.

"Ulijua."

"Nilidhani si langu kusema."

"Sawa, dada. Na kusema hujui, ulikuwa unamsaidia nani?"

Hakupandisha sauti. Mwanabiolojia alikuwepo karibu na mlango, na niliona kalamu yake imesimama.

## Aliyewakutanisha

Tangu ukurasa ule ufike nimekuwa nikimfikiria mtu ambaye hafikiriwi sana. Mwaka 1929, Paris, vijana kadhaa walikuwa wakijiandaa kwa mtihani mgumu wa falsafa uliowapa watu nafasi ya kufundisha: Jean-Paul Sartre, Paul Nizan na René Maheu. Maheu ndiye aliyekuwa rafiki wa Simone de Beauvoir, binti wa miaka 21. Alikuwa na mke. Beauvoir alivutiwa naye hata hivyo. Maheu ndiye aliyempa Beauvoir jina la utani la Castor, kwa kuwa jina lake la ukoo lilifanana na neno la Kiingereza la yule mnyama anayejenga mabwawa mitoni, na castor ni Kifaransa cha mnyama huyohuyo. Na ni kupitia yeye Beauvoir alikaribishwa kudurusu na Sartre na wenzake.

Maheu alifeli, akaondoka Paris. Sartre, ambaye mwaka uliotangulia naye alifeli, akawa wa kwanza. Beauvoir akawa wa pili, na mapenzi yaliyofuata kati ya hao wawili dunia nzima imeyasoma.

Maheu simhurumii, maisha yalimwendea vizuri. Aliongoza UNESCO kuanzia 1962 hadi 1974. Kinachonigusa ni kitu kingine. Sartre alipotoa riwaya yake ya kwanza, 1938, aliitabaruku kwa Castor. Kwenye ukurasa ule wa mbele wa kitabu cha mwanaume mmoja kuna neno lililotungwa na mwingine, na msomaji hapewi hata dokezo.

Nimekuwa nikifungua tasnifu za watu kwenye rafu na kusoma shukrani tu. Namtafuta Maheu wa kila moja. Wa kwetu nilikuwa nimeshamwona, chini ya mstari mwekundu.

## Kunguru

Georg Simmel, mwanasosholojia wa Kijerumani, aliandika mwaka 1908 juu ya kinachotokea wawili wanapokuwa watatu. Wawili, mmoja akiondoka, hakuna kitu tena. Akiingia wa tatu, anaweza kuwapatanisha. Anaweza kuwagonganisha kwa makusudi ili awatawale. Au anaweza kukaa tu, na ugomvi wao ukamnufaisha. Huyo wa mwisho alimwita kwa Kilatini tertius gaudens, wa tatu anayefurahi. Wazee wetu walishamwona: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Miaka yote hii nilijihesabu kwenye kundi la kwanza. Lakini mpatanishi hubeba neno kutoka huku kwenda kule. Mimi sikubeba neno kwa yeyote. Nilikusanya.

Nilinufaika nini? Hapa naandika polepole. Kabla ya mwaka ule wa pili, jioni simu yangu ilikuwa hailii. Nilikuwa yule mkubwa anayeheshimiwa, anayeombwa kusahihisha sarufi, anayesahauliwa watu wakipanga kutoka. Ghafla nikawa natafutwa. Nikiingia chumbani watu watatu wananiangalia kwa jicho la "nikukute nje". Ningemwandikia Mtakwimu "siwezi kusema", angeelewa, moto ungewaka siku hiyohiyo, na kesho yake hakuna ambaye angekuwa na siri ya kuniletea.

Sina hakika kama nililijua hilo usiku ule, au ninalibandika leo kwa kuwa limenipa maelezo yanayokaa vizuri. Mtu wa utafiti huogopa maelezo yanayokaa vizuri. Lakini kila nikijaribu kulibandua, halibanduki.

Kunguru hakuanzisha vita vile. Ila alikuwa kwenye tawi la karibu, na hakuruka.

## Mduara wa wanne

Miezi sita baadaye Mtakwimu na Mwanabiolojia wakaanza kuondoka pamoja jioni. Korido nzima ikasema: kisasi. Nami nilisema hivyo, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi.

Kusema kweli si sisi tu tungeshangaa. Mwaka 2004 Peter Bearman, James Moody na Katherine Stovel walichapisha ramani ya mapenzi ya wanafunzi wa sekondari moja ya Marekani waliyoificha kwa jina la Jefferson. Kati ya wanafunzi 573 waliokuwa na uhusiano ndani ya miezi 18, 288 walijikuta kwenye mnyororo mmoja: huyu kwa yule, yule kwa mwingine, mpaka mwisho. Cha kushangaza, mnyororo huo ulitawanyika kama matawi, lakini haukujifunga kwenye miduara midogo ya watu wanne. Watafiti walilieleza kwa kanuni ambayo pengine hakuna kijana aliyewahi kuitamka: usitoke na mpenzi wa zamani wa mpenzi mpya wa mpenzi wako wa zamani.

Isome taratibu. Chora ukihitaji, mimi nilichora.

Machoni pa wenzako, kufanya hivyo ni kuokota masalia, na hakuna kijana anayetaka kuonekana anaokota. Sasa Mtakwimu na Mwanabiolojia waliufunga mduara huo barabara, watu wazima, mbele ya wote. Sisi tuliona watu wawili waliotupwa wakijishikiza.

Mwaka jana Mwanabiolojia aliniambia ilivyoanza. Hakuniambia kwa ubaya, ni mtu asiyejua ubaya. Alisema baada ya siku ile ya "ulijua", alimfuata Mtakwimu nje, akamwuliza: "Wewe dada alikuambia nini?" Akamwonyesha ujumbe wangu. Naye akamwambia nilichomjibu yeye. Wakakaa kwenye ngazi mpaka taa za korido zikazimwa, wakiunganisha vipande.

Vipande vyangu. Cha kwanza kabisa walichowahi kuwa nacho pamoja, wale wawili, ni majibu yangu ya nusunusu.

Penzi la Mwanahistoria na Mwanaisimu, lile lililopasua chumba kizima, lilidumu miezi kumi. Lile la "kisasi" liko mwaka wa nne, na lina mtoto. Sijui niifanyie nini habari hii. Nimeiweka hapa kwa sababu ilitokea.

## Jedwali la nne

Kuna kipindi ambacho watu hawakisimulii, kile cha baada. Penzi limeisha ila semina ya Alhamisi iko palepale. Mnajifunza kuingia kwa zamu. Mnajifunza kuuliza swali la kitaaluma kwa mtu ambaye mwaka jana alijua unalala upande gani. Na mnajua haitaishia hapo, kwa kuwa fani zetu ni ndogo: huyu atakuja kutahini mwanafunzi wako, yule atapewa makala yako kuikagua bila jina, na ataitambua kwa koma zako.

Tasnifu ya Mwanahistoria ilikuwa na sura ya hesabu, kaya na wapangaji waliotolewa kwenye madaftari ya zamani. Kabla ya safari, Mtakwimu alikuwa ameahidi kuzikagua. Baada ya yote yaliyotokea hakuna aliyethubutu kumkumbusha, na Mwanahistoria mwenyewe alikwisha kukata tamaa.

Asubuhi moja akakuta karatasi mezani kwake, zimebanwa kwa pini. Hakuna salamu, hakuna jina. Kwenye jedwali la nne, jumla ya safu ya mwisho imezungushiwa kalamu ya risasi. Kaya moja ilikuwa imehesabiwa mara mbili, na kosa hilo lilikuwa limeburuta asilimia zote za chini. Pembeni, kwa mwandiko ule mdogo uliosimama wima tulioujua sote, hesabu sahihi, mstari kwa mstari, mpaka mwisho.

Alizishika zile karatasi muda mrefu. Hakuniambia kitu, nami kwa mara ya kwanza sikumwendea nikamwuliza.

Watahini wasingekosa kuliona kosa lile. Bila jina lile, ukurasa wa shukrani ungekuwa wa mtu aliyerudishwa mwaka mwingine.

Juzi nimerudisha ukurasa. Koma mbili, herufi moja. Jina lililokatwa nimelirejesha, nikaandika pembeni: "Jedwali la nne." Na kwenye mstari wangu nimefuta maneno mawili. Pembeni mwake sikuweka maelezo.

Jibu likaja usiku. Jina amelikubali. Kufuta kwangu nako amekukubali, na sasa mstari unaishia kwenye "miaka yote". Chini kabisa, mahali ambapo hakuna maandishi, ameongeza oni moja:

"Ungehukumu, dada, siku ile maktabani ungeniambia nini?"

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Nikampigia.